Shahada ya uzamili ya kemia: masharti, maabara na mahali wengi wanapokwama

Wanaochelewa kumaliza uzamili wa kemia mara nyingi hawakwamishwi na mitihani. Kozi huisha ndani ya mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili unaliwa na viyeyushi (kemikali za kuyeyushia) ambavyo havijafika, mashine iliyoharibika, au swali la utafiti ambalo maabara yao haina uwezo wa kulijibu. Mwongozo huu unafuata njia ya mwanafunzi wa Tanzania anayesoma kwa kozi na tasnifu, kwa sababu ndiyo njia ya wengi. Mambo ya maabara ni yale yale hata ukiwa Nairobi au Makerere.

Kuingia

Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa uzamili ni shahada ya kwanza inayohusiana na fani, yenye GPA ya 2.7 kwenda juu katika mizani ya 5. Hicho ni kiwango cha chini cha taifa. Chuo au idara inaruhusiwa kudai zaidi, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, si la mwaka jana. Neno "inayohusiana" lina uzito. Mwenye shahada ya kemia, kemia ya viwandani, au ualimu wa sayansi aliyechukua kemia kama somo la kufundishia hupokelewa kwa kawaida. Aliyesoma kemia kozi mbili tu za mwaka wa kwanza akiwa kwenye kilimo au biolojia hukataliwa, au huambiwa achukue kwanza kozi za kuziba pengo.

Nyaraka zinajulikana: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada na transkripti, cheti cha kuzaliwa, barua za wadhamini wawili au watatu, na mara nyingi andiko fupi la wazo la utafiti la kurasa mbili hivi. Yanayoharibu maombi ni mawili. La kwanza ni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, na cha shahada kimeandikwa kwa herufi tofauti, tengeneza hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla ya kutuma maombi. Usisubiri kuitwa ofisini wiki ya usajili. La pili ni shahada iliyopatikana nje ya nchi: lazima itambuliwe na TCU kwanza, na utambuzi huo una foleni yake.

Mdhamini mzuri ni yule aliyekuona maabara, hata kama si profesa. Barua inayosema "alitaitreti kwa mkono wake, akarudia jaribio mara nne mpaka matokeo yakakubaliana" ina nguvu kuliko barua ya mkuu wa kitivo anayekujua kwa namba ya usajili. Mpe transkripti yako, wazo lako la utafiti na wiki tatu.

Kuhusu ada, ukitafuta ufadhili fanya hivyo sambamba na maombi ya chuo, si baada ya kupokelewa. Shirika la Ujerumani la DAAD lina mpango wa ufadhili kwa wanaosoma uzamili humu humu nchini na katika kanda, nalo huangalia shahada yako ya mwisho ina umri gani: isizidi miaka sita wakati wa kuomba. Anayengoja miaka saba kazini kabla ya kuomba amejifungia mlango huo. Usisahau kwamba ada ya chuo ni sehemu moja tu ya gharama. Fedha ya benchi, yaani kemikali, gesi, vipimo vya nje na safari za kukusanya sampuli, iwe na mstari wake katika bajeti, maana kemia haifanyiki kwa karatasi na kalamu.

Krediti, kozi na alama

Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu wa Tanzania, uzamili ni ngazi ya 9 na unadai krediti zisizopungua 180. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza kwa ujumla wake: darasani, maabara, maktaba na kujisomea. Piga hesabu: ni saa 1,800. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na kati ya hizo huenda mhadhiri akasimama mbele yako saa 30 au 40 tu. Zilizobaki ni zako. Mwanafunzi anayefanya kazi ya kuajiriwa kutwa nzima huku akichukua kozi zote za muhula anapaswa kuziweka saa hizo kwenye kalenda kabla ya kusaini fomu.

Alama ya kufaulu nayo hupanda. Vyuo vingi vya Tanzania huhesabu B kuwa alama ya chini ya kufaulu kozi ya uzamili. C iliyokupitisha shahada ya kwanza hapa ni kurudia mtihani.

Kozi za mwaka wa kwanza kwa kawaida hugusa kemia ogania, inogania, ya kifizikia na ya uchambuzi kwa kina, pamoja na mbinu za utafiti na takwimu. Kama kuna moja ya kuing'ang'ania kuliko zote, ni spektroskopia, yaani kutambua molekuli kwa jinsi inavyopokea mwanga na mawimbi mengine. Mwaka wa pili kila utakachokitenga au kukitengeneza utalazimika kukithibitisha kwa spektra, na msimamizi hatakaa kukusomea kila kilele. Fanya mazoezi ya kutatua muundo wa molekuli kutoka kwenye spektra angalau mawili kwa wiki, tangu wiki ya kwanza. Wanaotoka ualimu huwa na pengo zaidi kwenye termodinamiki na kemia ya kwanta. Warudie kalkulasi mapema, kabla muhula haujaanza.

Njia ya tasnifu tupu, isiyo na kozi nyingi, inamfaa mtu ambaye tayari ameajiriwa kwenye mradi wenye fedha na ameshika mashine zake. Kwa aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza si njia ya mkato, kwa sababu anakosa mwaka wa kujenga msingi na anaanza kuhesabiwa muda siku anayosajiliwa.

Mada huanzia kwenye mashine

Hapa ndipo uzamili unapopatikana au kupotea. Wengi huanza na mada wanayoipenda, kisha wanakwenda kutafuta kifaa cha kuifanyia. Fanya kinyume. Mwezi wa kwanza tu, zunguka maabara za idara ukiwa na daftari, na kwa kila mashine uliza: inafanya kazi leo? Nani anaiendesha? Inatumia nini kinachoisha, na nani analipia? Mara ya mwisho imetoa data iliyochapishwa lini? Jibu la swali la nne lina ukweli kuliko la kwanza. Mashine inayowaka taa siyo lazima mashine inayopima.

Chukua mfano wa AAS, mashine inayopima metali kwa kufyonza mwanga. Kila elementi ina taa yake. Ukiandika kwamba utapima risasi, kadmiamu, kromiamu, shaba na zinki, unahitaji taa tano nzima, au taa za mchanganyiko zinazozibeba elementi hizo, pamoja na gesi ya asetilini. Aseniki na zebaki hazipimwi vizuri kwenye mwale wa kawaida wa moto. Zinadai viambatisho maalumu. Halafu lipo kosa linalorudiwa kila mwaka: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaweka risasi isizidi mg 0.01 kwa lita na kadmiamu mg 0.003 kwa lita. AAS ya mwale haifiki huko kwa uhakika bila kwanza kuikoleza sampuli. Mwanafunzi anapima visima ishirini, mashine inaonyesha "haikuonekana" kwa vyote, naye anaandika kuwa maji ni salama. Hakupima usalama wa maji. Alichopima ni upofu wa mashine, na mtahini wa nje ataliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo. Kwa viwango vidogo hivyo unahitaji AAS ya tanuru la grafiti au ICP-MS, mashine inayopima metali kwa uzito wa ioni zake. Kama hazipo, badili sampuli: udongo, mashapo ya mtoni na mboga hubeba metali kwa wingi zaidi kuliko maji.

Linganisha na fluoraidi katika maji ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, tatizo linaloharibu meno na mifupa ya watu kweli kweli. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mg 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kaskazini huvuka hapo mbali. Elektrodi ya fluoraidi si kifaa cha anasa. Inahitaji bafa ya kusawazisha ioni na kushika pH karibu na 5 hadi 5.5, vyombo vya plastiki badala ya kioo, na mkono mtulivu. Unaweza kupima sampuli hamsini kwa siku mbili, ukatumia muda uliobaki kwenye swali lenyewe, kwa mfano jinsi mkaa wa mifupa unavyonyonya fluoraidi na unavyochoka. Kazi ya namna hii imefanyika miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, kwa hiyo pana msingi wa kujengea.

Mfano mwingine uliojaa rutuba ni mafuta ya ganda la korosho. Malighafi ipo Mtwara na Lindi, na takriban theluthi mbili ya mafuta yaliyokamuliwa bila moto ni asidi anakadi, molekuli yenye pete ya fenoli na mkia mrefu wa kaboni unaoweza kugeuzwa kuwa vitu vingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu ya kazi hiyo, kama ilivyo historia yake katika kemia ya mimea, ambako Profesa Mayunga Nkunya na wenzake walichambua mimea ya Tanzania ya jamii ya mtopetope wakitafuta viambato vya kupambana na malaria. Mtandao wa NAPRECA, ulioanzishwa mwaka 1984, unawaunganisha watafiti wa kemia asilia wa Afrika Mashariki na Kati. Makongamano yake ni mahali pazuri pa kupata msimamizi mwenza mwenye mashine usiyo nayo.

Msimamizi naye mchunguze kwa heshima kama unavyoichunguza mashine. Ana wanafunzi wangapi sasa? Wawili wa mwisho walimaliza baada ya muda gani? Waulize wao wenyewe, si yeye. Je, anakaribia kustaafu au ana likizo ya utafiti mwaka ujao? Mwenye jina kubwa asiyerudisha sura ya kwanza kwa miezi minne atakugharimu muhula mzima.

Pendekezo na vibali

Pendekezo huandikwa muhula wa pili na hutetewa idarani kabla ya kwenda ngazi ya juu. Kinachorudisha mapendekezo mengi ni malengo yasiyopimika. "Kuchunguza kemia ya mmea huu" si lengo. "Kutenga na kubainisha viambato kutoka kwenye gome la mizizi, na kupima uwezo wake dhidi ya bakteria wawili waliotajwa" ni lengo, kwa sababu siku moja mtu anaweza kusema limetimia au halijatimia. Malengo mahususi matatu yanatosha. Matano ni kazi ya uzamivu.

Weka hesabu ya vipimo ndani ya pendekezo lenyewe. Visima 12, misimu 2, marudio 3 ni vipimo 72. Ongeza blanki (vipimo visivyo na sampuli), sampuli za kuthibitisha na zile zitakazorudiwa, unakaribia 100. Kama mashine inapatikana siku moja kwa wiki na inapima 20 kwa siku, ni wiki tano bila hitilafu yoyote, panga kumi. Anayefanya hesabu hii mapema hupunguza visima. Asiyeifanya hupunguza marudio mwishoni, na hapo takwimu zinaanguka.

Vibali vinategemea unachokigusa. Kuingia hifadhi ya wanyamapori kunapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Damu, mkojo au nywele za watu zinahitaji kibali cha maadili cha utafiti wa tiba. Mgeni asiye Mtanzania anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, inadaiwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Ukipeleka sampuli za mimea nje ya nchi kwa vipimo, andaa makubaliano ya uhamishaji wa sampuli yaliyosainiwa na pande zote mbili kabla bahasha haijafungwa. Na mmea wowote uanze na mtaalamu wa mimea: sampuli iliyobanwa na kukaushwa ihifadhiwe kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) na ipewe namba. Bila namba hiyo majarida mengi hayatapokea makala yako, hata kama kemia yake ni safi.

Kununua kemikali

Agiza wiki ile ile pendekezo linapopita, au kabla. Kemikali Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Baadhi ya vitu ambavyo wewe unaviona vya kawaida, kama asetoni, asidi ya salfuriki, etha, tolini na pamanganeti ya potasiamu, vimo kwenye orodha za kimataifa za kemikali zinazoweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, hivyo vinafuatiliwa zaidi. Nunua kupitia idara au muuzaji aliyesajiliwa. Anayejaribu kubeba lita mbili kwenye begi kutoka nchi jirani anaweza kupoteza kemikali na kupata kesi.

Wingi nao hukadiriwa vibaya. Kwa kromatografia ya safu, yaani kutenganisha viambato kwa kuvipitisha kwenye bomba lililojazwa silika, ekstrakti ya gramu 5 inahitaji silika mara 30 hadi 50 ya uzito wake, yaani gramu 150 hadi 250, na lita kadhaa za viyeyushi kwa safu moja tu. Utafanya safu nyingi. Heksani na ethili asetati za daraja la kawaida zinafaa ukizikeneka (kuzichemsha na kukusanya mvuke wake) mwenyewe kwanza, maana zinapogeuka mvuke huacha mabaki ya mafuta na plastiki ambayo baadaye utayaona kwenye spektra ukidhani ni ugunduzi. Etha na THF (tetrahidrofurani, kiyeyushi cha jamii ya etha) zilizokaa muda mrefu hujenga peroksidi: zipime kabla ya kuzikeneka, na kamwe usizikaushe mpaka mwisho, kwa sababu peroksidi hubaki chini na hulipuka.

Kwenye benchi: mimea

Kausha sehemu ya mmea kivulini penye hewa, si juani, kisha isage. Kilo moja ya unga ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ilowekwe kwenye kiyeyushi kwa saa 48 hadi 72, ichujwe, irudiwe mara mbili au tatu, na viyeyushi viondolewe kwenye rotari, mashine ya kugeuza viyeyushi mvuke kwa shinikizo dogo, kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Joto likipanda kwa haraka ya kutaka kumaliza, viambato vinavunjika, nawe utatumia mwezi ukitafuta muundo wa kitu ambacho mmea haukuwahi kuwa nacho.

Kabla ya safu, jaribu mchanganyiko wa viyeyushi kwenye bamba la tabaka jembamba. Unataka doa lako lipande kati ya 0.2 na 0.3 ya urefu uliopandwa na kiyeyushi. Likifika 0.6 kwenye bamba, kwenye safu vitu vitatoka vimeshikana. Ijaze silika ikiwa imelowa kama uji mwepesi, gonga safu polepole pembeni ili mapovu yatoke, na usiruhusu kiyeyushi kishuke chini ya uso wa silika hata dakika moja. Silika ikikauka hupasuka, na ufa mmoja huharibu utenganisho wa siku nzima.

Sasa jambo linalowaumiza wengi. Fuwele nyeupe za kwanza unazozipata kwenye sehemu za heksani na ethili asetati, zinazotoa rangi ya zambarau ukipuliza vanilini na asidi, huwa ni beta-sitosteroli, stigmasteroli au lupeoli. Zimo karibu katika kila mmea. Mwanafunzi hutumia muhula kuzisafisha akiamini amepata dawa. Zikague mapema kwa NMR ya protoni ya dakika chache, kipimo kinachoonyesha hidrojeni za molekuli kama vilele kwenye mizani ya ppm: sitosteroli ina kilele kwenye 5.35 na kingine karibu na 3.5, stigmasteroli inaongeza viwili kati ya 5.0 na 5.2, lupeoli inajitambulisha kwa 4.57 na 4.69. Ukiziona, ziandike kama zilivyo, weka pembeni, endelea na sehemu zenye ugumu zaidi. Huko ndiko kazi ilipo.

Sampuli za NMR mara nyingi hupelekwa chuo kingine au nchi nyingine, hivyo nafasi ya kurudia ni ndogo. Miligramu 5 hadi 10 zinatosha protoni. Kwa kaboni na vipimo vya pande mbili peleka 20 au zaidi kama unazo. Ikaushe chini ya vakyumu usiku kucha. Usipofanya hivyo, ethili asetati itajitokeza kwenye 1.26, 2.05 na 4.12, asetoni kwenye 2.17, na maji karibu na 1.56. Klorofomu yenyewe ya kiyeyushi cha NMR huonekana kwenye 7.26 hata ukikausha. Chora namba hizi kwenye karatasi uibandike ukutani juu ya dawati. Kila mwaka yupo anayejenga molekuli nzima juu ya ethili asetati.

Kwenye benchi: metali na uchambuzi

Vyombo vilale kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku mzima, visuuzwe kwa maji yaliyotolewa ioni. Myeyuko wa sampuli za mimea na udongo kwa asidi ufanyike ndani ya kabati la kunyonya mvuke. Kama njia yako inatumia asidi ya pakloriki, nitriki ianze peke yake mpaka vitu vya kaboni vimalizike ndipo pakloriki iingie. Ikikutana na mafuta mengi ikiwa moto hulipuka.

Kutoka mmumunyo wa kiwango wa mg 1,000 kwa lita, chukua mL 1 ujaze chupa ya mL 100: una mg 10 kwa lita. Kutoka hapo, mL 1, 2, 5, 10 na 20 kwenye chupa tano za mL 100 zinakupa 0.1, 0.2, 0.5, 1 na 2. Ongeza blanki. Mimumunyo hii midogo itengenezwe siku ile ile. Ikikaa wiki, metali hushikamana na kuta za chombo na mstari wako unapinda. Sampuli ikisoma juu ya kiwango cha mwisho, izimue kwa maji, upime tena. Usirefushe mstari kwa rula.

Pima blanki kumi. Mkengeuko sanifu wake ukizidishwa kwa 3.3 na kugawanywa kwa mteremko wa mstari unakupa kikomo cha kuonekana. Kwa 10 unapata kikomo cha kupimika. Kisha ongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli chache uone kinarudi kiasi gani: kati ya asilimia 80 na 120 kwa kawaida hukubalika. Watahini hutafuta namba hizi tatu kabla ya kusoma mjadala. Tasnifu isiyo nazo hurudi.

Daftari la maabara liwe la kurasa zenye namba, kwa kalamu ya wino, na tarehe kila siku. Andika namba ya bechi ya kemikali. Siku matokeo yatakapobadilika ghafla, bechi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kuandika na kutetea

Sura ya mbinu iandikwe ukiwa bado benchi, kila Ijumaa, kwa wakati uliopita. Ikiandikwa miezi sita baadaye utakuwa umesahau kama kichujio kilikuwa cha mikroni ngapi. Mapitio ya maandiko ndiyo yanayopandisha asilimia ya kufanana kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi. Kubadilisha maneno mawili ya sentensi ya mtu hakuifanyi yako. Funga makala, andika ulichokielewa, kisha fungua uhakiki namba.

Uliza mapema Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili kama chuo chako kinadai makala iliyochapishwa au kukubaliwa kabla ya kuhitimu. Ikiwa ndivyo, tuma makala miezi sita kabla ya tasnifu, kwenye jarida lenye wahakiki wa kweli, kama Tanzania Journal of Science inayotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jarida linalokubali makala ndani ya siku tatu kwa malipo litakataliwa na idara, na makala hutaweza kuitumia tena kwingine.

Tasnifu husomwa na mtahini wa ndani na wa nje, kisha unaitwa kutetea. Maswali magumu huwa ya msingi: kwa nini kiyeyushi hiki, unajuaje kwamba ni safi, kosa la kipimo hiki ni kiasi gani. Jibu kwa namba zako. Ukirudishiwa marekebisho, tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Hata pale usipokubaliana naye, andika sababu kwa adabu, usiruke mstari. Wajumbe wanaopitisha marekebisho husoma jedwali hilo kwanza.

Matokeo huwa rasmi baada ya Seneti kuyapitisha, na cheti hakitoki mpaka fomu ya kuondoka isainiwe na maktaba, fedha na maabara. Ya maabara ndiyo inayochelewa. Kwa hiyo wiki ya mwisho rudisha vyombo, weka lebo yenye jina la kitu, tarehe na kiyeyushi kwenye kila kichupa utakachokiacha kwenye friji, tenganisha taka zenye klorini na zisizo nazo, na mkabidhi fundi wa maabara daftari au nakala yake mkononi.